Sikio Halina Mlango, Lakini Lina Bawabu

Jicho limepewa kope. Mtu akichoka kutazama hulifumba. Kinywa kimepewa midomo na meno. Pua yaweza kubanwa kwa vidole viwili. Sikio peke yake limeachwa wazi usiku na mchana, tuwe macho au tumelala. Mama aliyelala fofofo haamshwi na mvua inayopiga mabati usiku kucha, lakini mtoto wake akilia kidogo tu, huyo ameshainuka.

Kutokana na hali hiyo huzuka swali ambalo watu wengi hulipita bila kulitafakari. Ikiwa sikio halina mlango, je, ni haki mtu aulizwe juu ya yale aliyoyasikia? Msengenyaji hulaumiwa kwa ulimi wake, nasi sote twaikubali lawama hiyo. Lakini yule aliyekaa mkekani akisikiliza mpaka kahawa ikapoa hujitetea akisema, "Mimi sikutamka neno, nimesikia tu." Muislamu amefundishwa kwamba usikivu wake utaulizwa kama vile utakavyoulizwa uoni na moyo. Je, utetezi wa msikilizaji huyu wasimama, au ni kisingizio?

Kabla ya kutoa hukumu, yatupasa tulijue sikio lenyewe. Hakimu hamhukumu mtu asiyejua kazi yake.

SAFARI YA SAUTI

Hebu tuchukue mfano wa kata ya Ibighi, wilayani Rungwe, karibu na mji wa Tukuyu. Ni nchi ya vilima na mabonde, migomba na chai, chini ya mlima Rungwe wenye urefu wa takriban mita 2,960. Mtu amesimama upande huu wa bonde anamwita jirani yake aliye upande wa pili. Kinachotoka kinywani mwake si kitu kinachoruka na kutua sikioni mwa jirani. Ni msukumo tu. Chembe za hewa husukumana, hii ikaigonga ile, mithili ya watu waliopanga foleni: wa nyuma akisukuma, wa mbele huyumba, ingawa hakuna aliyeondoka mahali pake. Msukumo huo huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Jirani akiwa umbali huo, hulisikia jina lake sekunde nzima baada ya kuitwa.

Sikio la nje huukusanya msukumo huo na kuuingiza katika mfereji wenye urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Humo mna nta, ambayo watu wengi huidhania kuwa uchafu, wakaichokoa kwa njiti ya kibiriti, unyoya wa kuku au ufunguo. Nta ni mlinzi: hunasa vumbi na wadudu, kisha hutoka yenyewe polepole. Wengi waliotoboa masikio yao waliyatoboa kwa kutaka usafi.

Mwisho wa mfereji kuna kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma yake kuna mifupa mitatu, ambayo kwa maumbo yake huitwa nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita tatu hivi, na ndicho mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa mwanadamu. Mifupa hiyo ni ya nini? Sikio la ndani limejaa maji, na sauti itokayo hewani ikigonga maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Aliyepiga mbizi ziwani hapo Matema hasikii mazungumzo ya walio ufukweni, hata kama yuko karibu nao. Basi nguvu iliyotawanyika juu ya kiwambo chote hukusanywa na mifupa ile na kuelekezwa kwenye kidirisha kilicho kidogo zaidi ya mara 15. Kwa njia hii shinikizo huongezeka kiasi cha mara 20, na sauti ikapata kuingia majini.

Ndani yake mna mfereji uliojiviringa kama konokono, mizunguko miwili na nusu; ungenyooshwa ungekuwa na urefu wa milimita 35 tu. Humo mna utando ulio mwembamba na mgumu mwanzoni, mpana na laini mwishoni. Sauti nyembamba, kama mlio wa ndege au kilio cha mtoto, hutikisa mwanzo wake. Sauti nene, kama mngurumo wa lori linalopanda mlima kutoka Kyela, husafiri mpaka mwisho. Mtaalamu Georg von Békésy, aliyezaliwa Budapest mwaka 1899, aliitazama safari hiyo kwa hadubini katika masikio ya maiti, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Jicho lina zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Mtaji wa sikio basi ni mdogo sana, tena haurudishwi: seli ya sikio la mwanadamu ikifa haioti nyingine mahali pake. Kuku akipoteza zake, huota upya. Sisi hatukupewa hilo.

BAWABU WA NDANI

Sasa, ndugu msomaji, tumefika mahali penye jibu letu. Seli hizo ziko za aina mbili. Safu moja, yenye kama seli 3,500, hupeleka habari kwenye ubongo. Safu nyingine tatu, zenye kama 12,000, kazi yao kubwa si kupeleka habari. Hizo hutikisika zenyewe, zikaikuza sauti iliyo dhaifu, na ziko nyuzi zitokazo ubongoni kuja kuziamrisha. Mwaka 1978 mtaalamu David Kemp, huko London, aliweka kipaza sauti kidogo sana ndani ya masikio ya watu, akakuta kwamba sikio lenyewe hutoa sauti hafifu. Siku hizi njia hiyo hutumika kupima masikio ya watoto wachanga.

Maana yake ni nini? Ni kwamba sikio si mtungi uliowekwa chini ya mchirizi, ukapokea chochote kinachomwagika. Lafanana zaidi na mkono unaonyooshwa.

Tena kuna musuli mdogo ulioshikamana na kikuku. Kelele inapozidi, musuli huo hukaza na kupunguza nguvu ya sauti iingiayo. Huchelewa kidogo, kwa hiyo haumkingi mtu na mlio wa bunduki. Lakini ajabu yake ni kwamba hukaza pia kabla mtu hajaanza kusema, ili asizibwe masikio na sauti yake mwenyewe. Mwili umejua kuwa mwenye kusema sana hatasikia wengine, ukajihadhari. Sisi wenye akili twajihadhari?

Mwaka 1953 Colin Cherry alifanya majaribio yaliyopata sifa kubwa. Watu waliwekewa maneno mawili tofauti kwa wakati mmoja, haya katika sikio la kulia na yale katika la kushoto, wakaambiwa wafuate upande mmoja tu. Walipoulizwa juu ya upande wa pili, hawakujua hata ulikuwa ukisemwa kwa lugha gani. Sauti iliingia, kiwambo kilitikisika, mifupa ikafanya kazi yake, lakini bawabu hakufungua. Mwaka 1959 Neville Moray akaongeza jambo: jina la mtu likitajwa katika upande ule usiofuatwa, baadhi ya watu hulisikia. Nani asiyelijua hilo? Sokoni wanazungumza watu mia, nawe husikii hata mmoja, lakini jina lako likitajwa kwa mbali shingo hugeuka.

Basi jibu la swali letu liko humu humu katika maumbile, na pia katika lugha yetu. Kiswahili kimetenga maneno: kuna kusikia na kuna kusikiliza. Kusikia ni kuingiliwa. Hakuna lawama ndani yake. Mpishi aliye jikoni wakubwa wakizozana sebuleni, abiria aliyebanwa kati ya wasengenyaji wawili katika basi, hao wamesikia. Lakini kusikiliza ni tendo. Ni kuinamisha kichwa, kusogeza kiti, kuuliza "Enhe, ikawaje?" Msengenyaji ni mfanyabiashara, na sikio linalosikiliza ndilo soko lake. Hakuna afungaye safari ya kuuza mahali pasipo mnunuzi. Anayesema "nimesikia tu" hali alisogeza kiti, utetezi wake haukubaliki.

"NIMESIKIA KWA MASIKIO YANGU"

Hata hivyo, lawama haikomei hapo. Tuseme mtu amesikia bila ya kutaka. Je, aliyoyasikia ndiyo yaliyosemwa?

Mwaka 1970 Richard Warren aliandika habari ya jaribio lake huko Marekani. Alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata sauti moja katikati ya neno, akaweka kikohozi mahali pake. Watu 20 walisikilizishwa. Karibu wote walisema sentensi ni kamili, haikupungua kitu, wala hawakuweza kuonyesha kikohozi kilikuwa mahali gani hasa. Ubongo wao uliiziba pengo kwa kile walichokitazamia, kisha ukawapa kama kitu kilichosikika.

Fikiria jambo hili katika nchi ya Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Watu wawili wanazungumza chini ya mabati, na wa tatu yuko chumba cha pili. Nusu ya maneno imemezwa na mvua. Yeye atasikia sentensi nzima, na atakuwa tayari kuapa. Lakini mapengo aliyaziba kwa nini? Ikiwa ana chuki na msemaji, aliyaziba kwa chuki. Hakusema uongo, wala hakusikia kweli.

Hata lugha iliyomlea mtu humchagulia asikie nini. Kinyakyusa kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Mgeni kutoka pwani akifika Ibighi huyasikia maneno mawili kuwa ni mamoja, na mwenyeji akacheka kwa jinsi tofauti ilivyo wazi kwake. Mtoto wa miezi michache huzipambanua sauti za lugha nyingi sana, lakini afikapo mwaka mmoja masikio yake huwa yameshazoea lugha ya kwao, mengine yakafifia. Ikiwa irabu moja yaweza kutupotea mbele ya macho yetu, vipi makusudio ya mtu?

Wanyakyusa wa zamani walilipa jambo hili uzito mkubwa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu mwaka 1951, ameeleza juu ya itikadi ya pumzi ya watu: kwamba manung'uniko ya majirani juu ya mkosaji humfikia kama ubaridi, akatetemeka na kuugua. Si lazima tuikubali itikadi hiyo ndipo tuione hekima iliyo ndani yake. Walitambua kuwa maneno ya wengi yana nguvu ya kumwangusha mtu, na kwamba nguvu hiyo yaweza kutumika kwa haki au kwa dhulma.

Dhulma yenyewe tumeiona. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulienea Pemba na Unguja, watu wakawa wanakesha nje ya nyumba zao kwa hofu. Hakuna aliyeweza kumleta popobawa mwenyewe, lakini kila mmoja alikuwa na mtu aliyesikia kwa mtu. Katika msukosuko huo mtu mmoja, aliyekuwa na maradhi ya akili, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na kundi la watu. Na huku bara ni vikongwe wangapi wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jiko, baada ya mtu kunong'ona neno na sikio kulipokea?

Hapa watu hutoa methali: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mimi naona methali hii ni ya kuogopwa. Aghalabu lisemwalo huja kwa sababu limesemwa. Mwanamke aitwaye mchawi na kijiji kizima hufukuzwa visimani na harusini, akakaa peke yake akizungumza na kuku wake, kisha watu husema, "Mwaona? Tulisema!"

MASIKIO MAWILI

Pengine msomaji atasema: "Basi niyazibe masikio yangu, nisisikie la mtu." La! Hilo nalo ni kosa, tena huenda likawa kubwa zaidi. Yuko mtu ajiitaye mcha Mungu, ambaye mjane akimjia kulalamika kuwa shemeji zake wamemnyang'anya shamba, humwambia, "Mimi sipendi maneno ya watu." Huyo hakuhifadhi sikio lake, amelinyima mwenye haki. Malalamiko ya aliyedhulumiwa si usengenyaji. Tofauti ni hii: msengenyaji ataka ufurahi, mdhulumiwa ataka utende.

Tufanye nini basi? Tuliangalie tena umbo letu. Kwa nini tumepewa masikio mawili, moja kila upande? Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto. Tofauti kubwa kabisa haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo waweza kutambua tofauti ya sehemu kumi katika milioni moja. Kwa hesabu hiyo ndipo tunapojua sauti imetoka wapi. Mwenye sikio moja zima husikia vizuri, lakini hupata shida kujua inakotoka.

Hali ni hiyo hiyo kwa asikiaye upande mmoja wa ugomvi. Malalamiko yamemfikia, tena kwa nguvu, lakini hajui yanatoka wapi: kwenye haki, kwenye wivu, au kwenye deni lisilolipwa. Mzee wa baraza, mjumbe, imamu, mzazi mwenye watoto wawili wanaogombana, wote hao wakihukumu kwa upande mmoja ni viziwi wa sikio moja.

MTOTO ASIYESIKIA

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Katika Kiswahili tukisema "mtoto huyu hasikii," maana zake ni mbili: hana uwezo wa kusikia, au ni mkaidi. Neno moja limebeba ugonjwa na kosa. Na katika madarasa yetu ni watoto wangapi waliochapwa kwa maana ya pili, hali walistahili kutibiwa kwa maana ya kwanza? Ameitwa hakuitika. Ameambiwa afungue ukurasa wa 12, amefungua wa 20. Fimbo imemshukia. Kumbe tangu mwaka jana sikio lake latoka usaha, na nyumbani wamesema litapona lenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilisema watu zaidi ya bilioni moja na nusu wana upungufu fulani wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji msaada. Kwa watoto, kiasi cha asilimia 60 ya upungufu huo chatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa: usaha wa masikio usiotibiwa, surua, uti wa mgongo, matatizo ya uzazi, na baadhi ya dawa. Kwinini ikizidi huleta mvumo masikioni. Sindano za aina ya streptomaisini na jentamaisini zaweza kuua zile seli ambazo hazioti tena. Ndiyo sababu dawa hutumiwa kwa amri ya daktari.

Kelele nayo huua. Shirika hilo lasema mtu aweza kuvumilia sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa nne tu. Anayesaga mahindi mashineni kila siku, kijana aliyeziba masikio kwa spika ndogo tangu asubuhi, watoto waliosimamishwa mbele ya maspika ya harusini, hao wanakula mtaji. Na tuseme kweli ingawa ni chungu: hata kipaza sauti cha ibada kikizidi kiasi humdhuru mgonjwa na mtoto mchanga wa jirani. Tanzania ina kanuni za kelele za mwaka 2015, lakini adabu ya ujirani ni ya zamani kuliko kanuni.

Kwa walio viziwi, milango haikufungwa. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto vifaa vya kusikia. Na lugha ya alama ni lugha kamili. Mwenye kuitumia hakupungukiwa akili wala utu. Kiziwi ambaye jamaa zake wamejifunza alama zake aweza kusikilizana nao kuliko ndugu wawili wenye masikio mazima wasiosemezana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa mzazi au mwalimu, huko Ibighi au popote pale, usiinue fimbo kwa mtoto "asiyesikia" mpaka umefanya jambo hili dogo. Simama nyuma yake, hatua chache, asikuone kinywa. Mwite jina lake kwa sauti ya chini, mara moja. Akigeuka, zungumza naye juu ya utiifu. Asipogeuka, iweke fimbo chini, umshike mkono umpeleke hospitali.